Mwalimu, kabla fundi hajaliinua gari lako

Msomaji ameandika: "Fundi, hujambo. Mimi ni mwalimu, naishi Luanda, kaunti ya Vihiga, na shule ninayofundisha iko ndani Bunyore ambako barabara ni mawe matupu. Nina Toyota Fielder ya 2009, injini 1500, na mvungu unagonga chini kila siku. Fundi mmoja wa Kisumu amenipigia bei ya kazi nzima: spesa za kuliinua inchi mbili, tairi kubwa, bomba za chuma mbele ya bampa, taa za HID, na kiti kidogo nyuma nibebe watoto wa kwaya. Anasema akipata injini ya 1800 ataifunga pia, na kwamba hakuna mtu wa kuniuliza. Mume wangu anasema gari litazuiliwa. Nimsikilize nani?"

Salamu kutoka Nakuru, mwalimu. Mumeo anaogopa askari. Mimi naogopa ule mteremko wa kutoka Maseno kwenda Kisian mvua ikinyesha, na gari likiwa limejaa watoto. Sheria nitaifikia, ila nianze na tepu ya kupimia, kwa sababu haina gharama na huenda ikakuokolea nusu ya pesa unazotaka kumpa fundi.

Egesha gari mahali tambarare, bila mzigo, tairi zikiwa na upepo sawasawa. Pima kutoka katikati kabisa ya gurudumu kwenda juu wima hadi kwenye ukingo wa bodi. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne na uandike. Kisha tafuta Fielder ya umbo hilohilo ambayo mwenyewe ameitunza, uipime vivyo hivyo. Sitashangaa ukikuta lako limekaa chini kuliko mwenzake, na pengine upande mmoja umelala kuliko mwingine. Gari la 2009 limebeba watu na magunia miaka mingi. Springi huchoka na kufupika, mafuta ya shoki huvuja, na mpira wa pale juu shoki inaposhikana na bodi hupasuka. Tena shoki zikifa, kimo unachokipima gari likiwa limesimama hakikuambii kitu. Likiingia shimoni linazama, linaruka, linazama tena, na lile jiwe ambalo lingepita salama chini ya mvungu linagonga sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Wengi wanaokuja kwangu wakitaka kuinuliwa gari nawawekea springi mpya na shoki mpya za kiwango kilekile cha kiwandani, na hawarudi tena na habari ya kugonga. Ndiyo maana nakuomba uanze hapo. Kazi ya namna hiyo haibadilishi chochote katika gari kilichoandikwa popote. Ni matengenezo tu, hata mkaguzi akiinama na tochi atafurahi. Ongeza sahani ya chuma ya kukinga sampu, iliyofungwa kwa bolti kwenye fremu ya mbele, yenye tundu la kumwagia oili na nafasi ya hewa kupita. Kwa barabara za Bunyore, sahani hiyo ina faida kuliko inchi mbili za kuinuka.

Sasa tuseme umefanya hayo na bado linagonga. Spesa ni kipande cha mpira mgumu au aluminiamu kinachowekwa juu ya shoki, kati yake na bodi. Kinasukuma gari juu, lakini shoki yenyewe haikurefuka na springi haikupata nguvu. Kinachotokea ni kwamba gurudumu linaning'inia chini zaidi ya lilivyopangiwa. Ekseli zinazozungusha magurudumu ya mbele zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inapasuka, vumbi na maji vinaingia, na baada ya muda unasikia kata-kata-kata kila unapokata kona. Bolijointi, vile viungo vya mviringo vinavyoshikilia gurudumu, nazo zinafanya kazi zikiwa karibu na mwisho wa mwendo wake. Sentimita mbili na nusu, yaani inchi moja, gari kama lako huvumilia ikiwa kila kitu kingine ni kizima na alainimenti, yaani kunyoosha magurudumu, imefanywa upya siku hiyohiyo. Inchi mbili kwa spesa peke yake singekufungia hata ungenilipa mara mbili.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Miaka yangu ya mwanzo nilifunga spesa kwenye gari la mteja aliyekuwa na haraka, akaniambia alainimenti atafanya mwenyewe mjini. Hakufanya, na mimi sikumfuatilia. Wiki chache baadaye alirudi na tairi mbili za mbele zimelika upande wa ndani hadi nyuzi za waya zinaonekana, ilhali kwa nje zilionekana mpya. Alikuwa ametoka Eldoret na familia yake usiku, akashuka Sachang'wan na Salgaa kwa tairi hizo. Tangu siku hiyo gari nililogusa miguu yake haliondoki bila karatasi ya alainimenti mkononi mwa mwenyewe.

Kwenye tairi nakuomba tupige hesabu pamoja, kwa kuwa wewe ni mwalimu na fundi wako hakukuonyesha. Fungua mlango wa dereva, usome kibandiko kilichopo pale. Tuseme kinasema 195/65 R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ukuta wa tairi, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukuta ni milimita 126.75, mara mbili, ujumlishe rimu ya milimita 381, unapata kipenyo cha milimita 634.5. Fundi akikuwekea 205/70 R15, kipenyo kinakuwa milimita 668. Tairi imekua kwa zaidi kidogo ya asilimia 5. Lakini gari limepanda nusu tu ya tofauti hiyo, yaani milimita 17 hivi, kwa sababu nusu nyingine imekwenda juu, ndani ya bodi, ambako huenda ikasugua.

Spidomita haijui kwamba tairi imekua. Inahesabu mizunguko tu. Mshale ukionyesha 100, wewe unakimbia kama 105. Nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo breki zako zina kazi ya asilimia 11 zaidi ya unavyodhani. Juu ya hayo, tairi kubwa ni kama mpini mrefu unaopigana na breki: diski ni ileile, pedi ni zilezile, lakini nguvu ya kushika barabarani imepungua kwa ile asilimia 5. Sheria yetu inaweka kilomita 110 kwa saa kwa magari madogo kwenye barabara kuu zilizogawanywa katikati na 50 mijini, na kamera haisomi spidomita yako. Ukibaki ndani ya asilimia 2 au 3 ya kipenyo cha asili, hayo yote yanakuwa madogo.

Angalia pia namba ndogo inayofuata, kama 91. Hiyo ni alama ya mzigo, na 91 maana yake kila tairi inabeba hadi kilo 615. Usinunue tairi yenye alama ya chini kuliko ya kibandiko hata kama bei inavutia. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mitumba zinazouzwa zikiwa na meno mazuri zinaweza kuwa na mpira uliokauka kama ngozi ya ngoma.

Kuna spesa za aina nyingine, zile za kusukuma gurudumu nje ili gari lionekane pana. Hizo achana nazo kabisa. Zinaitesa bearing, zinafanya usukani uvute upande ukikanyaga breki, na tairi iliyotokeza nje ya bodi inarusha mawe kwa watembea kwa miguu na waendesha bodaboda.

Unganisha sasa spesa za inchi mbili na tairi hizo kubwa. Gari limepanda karibu sentimita 7. Uzito wa gari dogo kama Fielder umekusanyika nusu mita na kidogo tu kutoka ardhini, kwa hiyo umeinua uzito huo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi bila kupanua miguu yake. Ng'ombe akikatiza kwenye kona ya Maseno ukakata usukani ghafla, hapo ndipo tofauti hiyo inaonekana. (Kwa wasomaji wenye pikapu: nyingi zina valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa kwa kijiti na ekseli, ili ihisi uzito wa mzigo. Ukiinua pikapu bila kurekebisha kijiti hicho, valvu inadhani gari ni tupu siku zote na inazinyima breki za nyuma nguvu hata ukiwa na tani ya mahindi.)

Taa ni jambo ninalolijali kuliko yote, kwa kuwa mara hii si wewe unayeumia. Taa za mbele za Fielder nyingi zina kioo cha ndani kilichochongwa kwa ajili ya uzi wa balbu ya halojeni uliokaa mahali mahususi, kwa kipimo cha chini ya milimita moja. Balbu ya HID haina uzi. Ina cheche kati ya ncha mbili, na cheche hiyo haikai palepale wala haina umbo lilelile. Kioo kinapokea mwanga kutoka mahali pasipo pake na kuutawanya kila upande. Wewe unaona weupe mwingi hapo karibu na bampa, unafurahi. Mwenye bodaboda anayekuja mbele yako kati ya Luanda na Maseno haoni chochote kwa sekunde kadhaa, na ukingo wa lami umeliwa na mvua. Balbu nyingi za LED za bei rahisi zina tatizo hilohilo.

Unachotaka hasa ni kuona. Basi anza na plastiki ya taa. Baada ya miaka mingi ya jua huwa ya njano na ukungu, na inameza mwanga mwingi. Isuguliwe kwa msasa wa maji, kutoka wenye chembe kubwa hadi laini kabisa, kisha ipakwe vanishi inayozuia miale ya jua. Weka balbu mpya za halojeni za wati zilezile zilizoandikwa kwenye kishikio. Ukiongeza wati, waya zinayeyuka. Mwambie fundi wa umeme apime volti kwenye balbu injini ikiwa inanguruma. Zikipungua sana kuliko zilizo kwenye betri, anaweza kufunga rilei (swichi ya umeme) na waya nene, na utashangaa. Mwisho, zipangwe upya: simamisha gari mita 10 kutoka ukutani usiku, washa taa za chini, na ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 hadi 13 chini ya kimo cha taa yenyewe. Ukiinua gari kwa lolote lile bila kurudia kipimo hiki, taa zako za chini zimeshageuka kuwa taa za juu. Na taa nyekundu haielekei mbele kamwe. Zile za kumetameta za nyekundu na bluu tuwaachie polisi na ambulensi.

Bomba za chuma mbele: hapana. Fielder haina chesisi kama ya lori. Pua yake imetengenezwa ikunjike polepole ili ipoteze nguvu ya kugonga, na mifuko ya hewa imepangiwa wakati wa kulipuka kulingana na mkunjo huo. Bomba ngumu inavuruga hesabu hiyo, na mtoto akigongwa, badala ya plastiki inayobonyea anakutana na chuma.

Nije kwenye kiti cha kwaya. Mwalimu, hapa sitabembeleza. Najua huko kwetu magharibi Probox hubeba watu hadi buti, na watoto wamezoea kukalia sambaza, ule ubao wa kati ya viti, kwenye matatu. Mazoea hayo hayabadilishi kinachotokea gari likisimama ghafla. Chini ya kanuni za kimataifa zinazofuatwa na watengenezaji wengi, mahali mkanda unaposhikana na bodi hujaribiwa kwa kuvutwa kwa nguvu ya nyutoni 13,500 upande wa bega na nyingine kama hiyo upande wa kiuno. Kila moja ni kama kuning'iniza uzito wa zaidi ya kilo 1,300 pale. Bati la sakafu ya buti la Fielder ni jembamba. Kiti kilichochomelewa pale kitang'oka na watoto wakiwa juu yake. Na hata kikishika, vichwa vyao viko kiganja kimoja tu kutoka kwenye kioo cha nyuma. Logibuku yako, yaani hati ya usajili wa gari, inataja idadi ya abiria, bima imekatwa kwa idadi hiyo, na kuongeza kiti bila idhini ni kosa. Kwaya ikodishiwe gari lenye kibali. Mwombe mwalimu mkuu aliweke kwenye bajeti.

Injini. Ya 1500 uliyo nayo inatoa kama nguvu za farasi 110, ile ya 1800 ya Fielder inatoa zaidi ya 130. Kuibadilisha si haramu. Haramu ni kuibadilisha kimyakimya. Namba ya injini imo kwenye logibuku, na sheria inamtaka mwenye gari kuiarifu mamlaka ya usajili taarifa hizo zikibadilika, iwe ni injini, rangi au bodi. Kwa sasa ombi linapitia mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ndani ya eCitizen. Utahitaji ushahidi wa injini ilikotoka, yaani karatasi za uagizaji au za gari lilikotolewa, na gari litapelekwa kukaguliwa. Kisumu kuna kituo, nasi Nakuru tunacho. Fundi akikuambia karatasi za injini "zitakuja baadaye", jiulize injini hiyo ilitoka gari la nani. Siku utakapotaka kuuza gari, au siku litakapoibiwa likapatikana, namba isiyolingana itakuweka kituo cha polisi ukijieleza. Na ukipata injini yenye nguvu zaidi, linganisha diski za breki na za gari ambalo injini hiyo ilizaliwa nalo. Zikiwa kubwa kuliko zako, zinunue pamoja na injini.

Vijana wa hapa Nakuru huniuliza mbona magari ya Safari Rally pale Naivasha, tangu mashindano ya dunia yarudi mwaka 2021, yamebadilishwa kila kitu na hakuna anayeyakamata. Nawaambia waende siku ya ukaguzi kabla ya mbio. Watakuta gari limewekewa ngome ya mabomba ndani, mikanda ya mabega yote mawili, kizima moto, na wakaguzi wanapitia kipuri kwa kipuri kabla halijaruhusiwa kuanza.

Sasa jibu la mumeo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari na sehemu zake zote, tairi na taa zikiwemo, ziwe katika hali isiyomhatarisha aliye ndani wala mtumiaji mwingine wa barabara. Ofisa akiona gari ni hatari ana uwezo wa kuliondoa barabarani hadi litengenezwe na kukaguliwa. Kwa hiyo ndiyo, linaweza kuzuiliwa, na fundi anayesema hakuna wa kukuuliza hatakuwepo siku hiyo. Kumbuka gari lako liliingia nchini kwa kiwango cha KS 1515 cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kilekile kinachozuia magari yaliyozidi miaka 8, na lilitoka Japani ambako ukaguzi wa kwanza wa gari jipya dogo ni baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Huko bodi ikibadilika kimo kwa zaidi ya sentimita 4, au upana kwa zaidi ya sentimita 2, nje ya vipuri vilivyotengwa kisheria, gari linarudi kwa wakaguzi kuandikwa upya. Vipimo vilivyokuja nalo havikuandikwa kwa kubahatisha.

Bima ndiyo inayonitia hofu zaidi kwa niaba yako. Ukigonga mtu, kampuni italazimika kumlipa aliyeumia chini ya Sura ya 405, lakini inaweza kukugeukia wewe kudai pesa hizo ikiwa ulificha jambo lililobadilisha hatari. Na kwa bima kubwa ya gari lenyewe, mabadiliko usiyoyatangaza ni sababu tosha ya kukunyima. Hata kama utainua inchi moja tu, waandikie barua au baruapepe, utunze nakala.

Ningekuwa wewe ningetumia pesa hivi: springi, shoki na mipira yake kwanza, pedi na diski zikaguliwe gari likiwa limeinuliwa kwa ajili hiyo, sahani ya sampu, tairi nne mpya za kipimo cha kibandiko au zilizozidi kidogo sana, alainimenti, kisha taa. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo, Nyutoni-mita 103 kwa Toyota ya aina yako, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hivi. Fundi asipokuwa na spana hiyo, mwambie unaweza kungoja akaazime.

Na vile vipimo vinne vya magurudumu, nitumie kabla hujalipa chochote. Nitakwambia kama ni springi.